Huku si kukonyeza, ni maradhi

Miaka mitatu iliyopita, nikiwa nafundisha fonolojia mbele ya wanafunzi wapatao mia moja, ukope wa chini wa jicho langu la kushoto ulianza kucheza. Sikuujali. Ni nani asiyepata kuchezwa na jicho? Wazee wetu walituambia kwamba jicho likicheza utapata mgeni, au utapata la kukuliza, kutegemea ni la kulia au la kushoto, na hata juu ya hilo hawakuafikiana. Mimi nilimngoja mgeni. Hakuja. Baada ya miezi kadhaa mchezo ule ulikuwa umeteremka shavuni, kisha ukafika kwenye pembe ya mdomo, nayo ikawa inavutwa juu kila jicho lilipojifumba.

Msomaji aliye mwalimu atafahamu mara moja shida iliyonikabili. Mhadhiri wa kiume, mtu wa makamo, anasimama mbele ya wasichana walio rika la bintiye, jicho lake moja likifumba na kufumbua huku mdomo ukitabasamu upande. Muhula haukwisha kabla sijaitwa na mkuu wa idara. Mwanafunzi mmoja alikuwa amelalamika kwamba namkonyeza. Sikumlaumu binti yule, wala simlaumu hadi leo. Zipo sababu za kutosha za msichana kushuku konyezo la mwalimu wake. Bahati yangu ni kwamba nilipokuwa nikijitetea, uso wenyewe ulinitolea ushahidi: nilimkonyeza mkuu wa idara mara nne au tano, naye ni mzee mwenye mvi na wajukuu.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta matibabu kwa dhati. Katika zahanati ya kwanza nilipewa matone ya macho. Katika ya pili nilisema kwamba mshipa wa uso unanisumbua, nikarudi nyumbani na vidonge vya shinikizo la damu, shinikizo ambalo sikuwa nalo. Shangazi yangu alishauri niombewe. Sikumbishia, maana lugha yenyewe ilikuwa upande wake. Neno pepopunda, ugonjwa ambao kweli huukaza uso ukawa kama unaocheka, limembeba pepo waziwazi. Degedege nayo haijafichana na ndege. Watu waliotangulia waliuona mwili ukijiendea bila idhini ya mwenyewe, wakatafuta aliyeuamrisha.

Tabibu wa neva niliyempata mwishowe hakuanza kwa mashine. Alianza kwa maswali. Mchezo ulianzia wapi, jichoni au mdomoni? Uko upande mmoja au pande zote mbili? Je, nikijikaza naweza kuuzuia kwa muda? Nimewahi kupooza uso? Natumia dawa gani? Hili la mwisho alilitilia mkazo, kwani baadhi ya dawa za kuzuia kutapika na za magonjwa ya akili zinaweza kuupinda uso. Kisha akamgeukia mke wangu: huyu bwana akilala, uso hutulia? Mke wangu akajibu kwamba hautulii, naye alikuwa amelichunga hilo muda mrefu bila kuniambia. Picha ya ubongo ilikuja baadaye, kuhakikisha kwamba hapakuwa na uvimbe wala ila nyingine.

Nayasimulia haya kirefu kwa makusudi. Maradhi haya hutambuliwa kwa macho ya tabibu na kwa maneno ya mgonjwa. Macho yote mawili yakijifumba kwa nguvu, hayo ni maradhi mengine. Mtoto anayepepesa na kukunja pua, naye aweza kujizuia kidogo kabla ya kushindwa, ana jambo jingine kabisa. Ukope unaopwita siku mbili tatu kwa uchovu, kukosa usingizi au kahawa nyingi, aghalabu hutulia wenyewe. Uso unaolegea ghafla usichanganywe na uso unaocheza: huo upelekwe hospitalini siku iyo hiyo. Kucheza, kupwita, kupepesa, kukonyeza, kufumba, kukaza, kulegea. Vitenzi hivi tunavyo, na kila kimoja kinamwelekeza tabibu kwingine. Nani kati yetu huvifundisha kwa kuvitofautisha?

Tabibu alinieleza hali yangu kwa Kiingereza. Nikamwomba aieleze upya kwa Kiswahili ili nikamweleze mama. Akasita, akatabasamu, akasema: "Mshipa umeubana mshipa."

Tulicheka, lakini hiyo ndiyo hali yenyewe. Ndani ya fuvu, pale ambapo neva ya saba inatoka kwenye shina la ubongo, kwa wagonjwa wengi mshipa wa damu huilalia neva hiyo na kuigonga kila moyo upigapo. Neva ndiyo inayoamrisha misuli ya upande mmoja wa uso. Ikisumbuliwa kwa muda mrefu huanza kupeleka amri ambazo hakuna aliyezitoa. Lakini neno mshipa, kwa matumizi ya kila siku, lachukua ateri, vena, neva na kano, na wako wanaoita hivyo hata ngiri. Vile vidonge vya shinikizo la damu nilivyovimeza bure vilitokana na neno hilo moja. Nami ndiye mwenye shahada ya uzamifu katika isimu! Sembuse mkulima aliyesafiri usiku kucha kuja kuonana na daktari kwa dakika kumi.

Kuhusu dawa, nilianzishiwa kabamazepini, ambayo wengi huijua kama dawa ya kifafa. Ilipunguza mchezo kidogo, ikanizidishia usingizi. Mara mbili nilipoteza uzi wa mhadhara katikati ya sentensi. Tukaiacha taratibu, kwa maelekezo yake. Sasa nadungwa sindano ndogondogo kuzunguka jicho na shavuni. Dawa yenyewe ni sumu ya bakteria, ile ile iwezayo kumwua mtu aliyekula chakula cha mkebe kilichoharibika. Kwa kipimo kidogo mno huizuia neva isiufikishie msuli kemikali ya kuukaza. Daktari wa macho Alan Scott wa San Francisco ndiye aliyeijaribu kwanza kwa wenye makengeza, na mwaka 1989 Marekani ikaiidhinisha kwa makengeza na kwa mkazo wa kope. Baada ya siku chache uso wangu hutulia. Baada ya miezi mitatu hivi, ukope wa chini huanza tena kunikumbusha miadi. Safari moja jicho lililegea wiki mbili, nikafundisha kama mtu mwenye usingizi. Bei yake inauma. Upo pia upasuaji wa kuutenganisha mshipa na neva, ambao waweza kuponya kabisa, ila una hatari zake, mojawapo ikiwa kupoteza usikivu wa sikio la upande huo. Sijaamua.

Likizo iliyopita nilifundisha walimu wa shule za msingi wanaojiendeleza. Siku ya kwanza niliwaeleza kuhusu uso wangu, kama nifanyavyo siku hizi na kila darasa. Kipindi kilipokwisha, mwalimu mmoja alibaki nyuma. Ana mvulana katika darasa la nne anayepepesa macho na kutikisa pua kila anapoitwa ubaoni, naye alikuwa akimpigisha magoti kwa kumfanyia mzaha. Adhabu ilivyozidi, na kupepesa kulizidi. Akaniuliza: "Daktari, nimwandikie mzazi wake nini?"

Tuliketi tukaiandika barua pamoja, kwa Kiswahili: mtoto anapepesa macho yote mawili na kutikisa pua, hujizuia kwa muda mfupi kisha hushindwa, huzidi akiwa na hofu, hafanyi kusudi, tunaomba aonwe na daktari wa watoto. Ilituchukua karibu saa nzima. Mistari miwili ya mwisho, ya kumwomba mtoto radhi, aliiandika peke yake.