Nimeibiwa makala, nikajikuta na mimi ni mwizi

Kazi za chumba cha habari zilinibana kidogo, ila leo nina jambo la kutubu.

Wiki iliyopita nilikuta makala yangu, neno kwa neno mpaka koma, kwenye mtandao wa watu wengine. Jina langu halipo. Nilichemka! Nikawaandikia ujumbe mkali kuhusu jasho la mwandishi. Nilipomaliza, nikasema ngoja nitulize hasira kwa muziki, nikafungua sinthesaiza.

Kwa wasionijua, hiyo ndiyo starehe yangu. Sinthesaiza zangu si za kubeba begani, ni programu tu. Hazichezi sauti iliyorekodiwa kama kaseti. Nyingi hulipigia mahesabu wimbi la sauti papo hapo, kila unapobonyeza noti. Napiga kwa kibodi hii hii ninayoandikia habari, kwenye kompyuta ya mtumba yenye RAM ya GB 4.

Sasa ile niliyoifungua nilipewa na jamaa kwenye flashi. Ya kulipia, imechakachuliwa. Mkono ukasita. Jamani, mimi na yule aliyechukua makala yangu tuna tofauti gani? Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaziweka programu za kompyuta kundi moja na vitabu na maandishi mengine. Kwa sheria hiyo makala yangu na programu ile ni ndugu.

Najua utetezi, maana nimeutumia miaka: "Sisi hatuna hela, bei zao za Ulaya, tufanyeje?" Huko nyuma ungeweza kunishawishi. Leo hapana. LMMS ni programu ya bure ya kupangia muziki na huja na sinthesaiza zake ndani, ikiwemo ZynAddSubFX. Dexed inaiga Yamaha DX7, kinanda kilichotoka mwaka 1983 na ambacho sauti zake zimejaa kwenye nyimbo za miaka hiyo. Surge ilikuwa ikiuzwa. Mwaka 2018 mwenyewe akaiachia iwe huria. Vital ilitoka 2020 na ina toleo la bure, ingawa kwa kompyuta dhaifu kama yangu ni nzito. Zote ni halali kabisa. Unalipia bando la kupakulia tu.

Tatizo jingine ni sauti kuchelewa: unabonyeza leo, inalia kesho. Nililaumu sana kompyuta yangu kwa hilo. Kumbe dawa ni mpangilio wa bafa. Bafa ya sampuli 1024, kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, inachelewesha kama milisekunde 23. Ukishusha hadi 256 zinabaki kama 6. Ukishusha mno sauti inakwaruza, kwa hiyo panda taratibu mpaka itulie. Kwenye Windows, ASIO4ALL husaidia, nayo ni ya bure. Na kompyuta ikielemewa, igeuze sehemu uliyomaliza kuipiga iwe faili la kawaida la sauti, prosesa ipumue.

Mtasema za kulipia zina sauti nyingi zilizokwisha kutengenezwa. Ni kweli, sibishi. Lakini mimi nilikuwa na sinthesaiza zaidi ya thelathini za wizi na sikuijua hata moja. Nilikuwa napekua sauti usiku kucha kama mtu anayechagua shati mnadani, asubuhi sina hata mstari mmoja wa wimbo. Ijumaa nimezifuta zote. Nyimbo zangu nne za zamani hazifunguki tena vizuri, na iliniuma hasa. Nimebaki na Dexed na ile ya LMMS. Jana nimetengeneza besi yangu mwenyewe kutoka mwanzo. Si kali sana, ila ni yangu.

Wanamuziki wetu wanalia kila siku kwamba kazi zao zinauzwa kwenye flashi mitaani, na sisi waandishi tunawaandikia habari hizo kwa uchungu. Halafu wimbo wenyewe umetengenezwa kwa programu ya wizi, na habari imeandikwa kwenye kompyuta yenye programu ya wizi. Tunamdai nani haki hapo?

Wale jamaa bado hawajanijibu. Wakijibu, angalau sasa naweza kuwadai bila kuona aibu. Ni mtazamo wangu tu. Wewe kompyuta yako ina nini?