Daftari la Wiki: Jua Likiwa Bado Lipo

Minneapolis, mwishoni mwa Septemba

Wiki hii usiku na mchana vimelingana. Mwezi Juni tulikuwa tunamaliza chakula cha jioni jua likiwa bado linawaka, maana hapa huzama saa tatu usiku. Likifika Desemba litazama saa kumi na nusu alasiri, wakati ambao Dar es Salaam wenye kahawa ndio kwanza wanapuliza majiko yao. Sisi tuliozaliwa karibu na Ikweta tumezoea magharibi ya saa kumi na mbili, mwaka nenda mwaka rudi, na tofauti ya mwezi na mwezi haifiki saa nzima. Hapa, kuanzia sasa, mchana unapungua kwa dakika kama 3 kila siku, zaidi ya 20 kwa wiki. Kichwa huenda kisitambue, lakini mwili unatambua: usingizi unakuwa mzito, hamu ya wanga inaongezeka, na neno dogo linatosha kumkasirisha mtu.

Kwa hiyo nasema kujitunza kuanze sasa. Wengi wetu hungoja mpaka Januari, mtu ameshashindwa kujitoa kitandani, ndipo anaanza kuulizia dawa.

*

Tatizo hili lina jina hospitalini: sonona ya majira. Aliyelieleza kitaalamu pamoja na wenzake, mwaka 1984, ni Norman Rosenthal, daktari wa akili aliyezaliwa Afrika Kusini. Alipohamia New York aliona mwenyewe jinsi nguvu zilivyomwishia kila kipupwe kilipoingia na kumrudia kila kilipotoka. Nalitaja hili makusudi, kwa sababu nimesikia wenzetu wakiiita hali hiyo uvivu, au upungufu wa imani. Si haki. Mtu aliyekulia kwenye jua anaponyauka bila jua, kwanza apewe pole, kisha apelekwe kwa daktari.

Tiba mojawapo ni taa maalumu yenye mwanga wa lux 10,000. Unakaa karibu nayo kwa muda wa nusu saa hivi kila asubuhi, macho wazi lakini bila kuitazama moja kwa moja. Mwenye ugonjwa wa macho, au ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka, amwone daktari kabla ya kuitumia. Na kama giza limeingia hadi moyoni, mtu anawaza kujidhuru, hapa Marekani unapiga 988, mchana au usiku.

*

Wabeba boksi wa zamu ya usiku nawawazia kuliko wote. Wanaotunza wazee, wanaopanga mizigo kwenye maghala, wanaosafisha ofisi. Mwezi wa kumi na mbili wataingia kazini gizani na kulala mchana, jua wasilione hata Jumapili. Ombi langu kwao ni dogo: ukitoka zamu na kupumzika, amka mapema kidogo uzunguke ziwa, au hata maegesho ya magari, kabla jua halijazama. Mwanga wa nje, hata siku yenye mawingu, unaushinda kwa mbali ule wa sebuleni.

*

Jumamosi nilikwenda kwenye vishamba vya jumuiya. Mama mmoja wa Uvira alikuwa anavuna lenga-lenga zake za mwisho, kwa sababu mwezi Oktoba sakitu huanguka alfajiri, na mboga iliyopigwa na sakitu inalala chini, nyeusi, haifai tena. Alitandika kitenge kwenye majani, akakaa, miguu ameinyoosha, akawa anachambua jani moja moja huku akizungumza na jirani yake wa Kigoma, ambaye yeye anaiita mchicha. Nyumbani huzichemsha dakika mbili, akazizamisha kwenye maji ya barafu, akazikamua kwa viganja na kuzipanga kwenye vifuko bapa vya friza. Februari, theluji ikiwa imefika magotini, atatoa kifuko kimoja, atakaanga kitunguu na mafuta ya mawese, na nyumba nzima itanukia.

Sijui kama yupo daktari anayeandika cheti cha dawa hiyo. Mimi ningekiandika.

*

Mambo ya mwili, kwa ufupi. Hita zikishawashwa, hewa ya ndani inakauka na ngozi inapauka: jipake mafuta mara tu utokapo kuoga, mwili ukiwa bado na unyevu. Chanjo ya mafua, Septemba na Oktoba ndio wakati wake. Vitamini D inahitaji maneno zaidi kidogo. Kipupwe kikiingia, jua la huku linakuwa chini mno, halina nguvu ya kuiwezesha ngozi kuitengeneza, na weusi wetu, ambao nyumbani ni kinga, unaipunguza zaidi. Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima hapa ni mikrogramu 15 kwa siku. Samaki wa mafuta na maziwa yaliyoongezewa husaidia, lakini muulize daktari wako kama unahitaji vidonge.

*

Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma. Tofauti yetu na Afrika Mashariki itatoka saa 8 hadi 9. Ukizoea kumpigia mama saa sita mchana, kwenye mapumziko ya kazi, badala ya saa mbili usiku utamkuta saa tatu, pengine ameshalala. Panga upya mapema, usikubali simu hizo zikatike. Kwa wengi wetu ndizo zinazotuvusha kipupwe.

*

Ombi la mwisho ni kwa tuliokaa hapa miaka mingi. Mwaka huu tena zimefika familia ambazo hazijawahi kuona theluji. Watoto wao wanakwenda shule na fulana, kwa sababu mchana bado kuna joto. Ukiwa na gari, wapitie Jumamosi hii. Wapeleke wakatafute makoti, buti na glavu kwenye maduka ya mitumba kabla saizi za watoto hazijaisha, na uwaonyeshe jinsi ya kuwasha hita ya nyumba yao.