Anayetuimbia Akiugua, Nani Atamtibu?

Katika maswali yanayotujia mara kwa mara kutoka kwa vijana wetu, limo hili: Je, yafaa Mwislamu kutoa mali yake katika tamasha la muziki lililowekwa kwa ajili ya matibabu ya waimbaji na wapiga ala walio wagonjwa? Wako wanaojibu kuwa yafaa bila ya shaka, kwani nia ni njema. Na wako wanaojibu kuwa haifai kabisa, kisha huongeza kwamba mpiga ala akiugua ni juu yake mwenyewe. Naende akawaombe hao aliokuwa akiwachezesha. Kauli hii ya pili ndiyo iliyotufanya tushike kalamu, maana ndani yake mna hatari kubwa kuliko ya tamasha lenyewe.

Kwanza, ndugu msomaji, tulitazame jambo lilivyo huko linakofanywa sana. Mji wa Austin, ulio makao makuu ya jimbo la Texas nchini Marekani, umejaa wanamuziki, hata baraza la mji huo katika mwaka 1991 lilijipa lakabu ya kuwa mji mkuu wa dunia kwa muziki unaopigwa mbele ya watu. Lakini lakabu haimtibu mtu. Katika nchi ile, aghalabu ya walio chini ya umri wa miaka 65 hupata bima ya matibabu kwa njia ya mwajiri. Na mpiga gitaa mwajiri wake ni nani? Leo hupiga katika mkahawa huu, kesho katika ule, na ujira wake ni wa usiku mmoja pamoja na bakhshishi za wasikilizaji. Jino likimuuma huvumilia. Masikio yakianza kufifia kwa kelele za kazi yake huvumilia. Akivunjika mkono, deni la hospitali humjia siku ile ile ambayo riziki yake imekatika.

Mwaka 2005 bibi mmoja wa mji huo, Robin Shivers, aliasisi chama kiitwacho Health Alliance for Austin Musicians, kwa ajili ya matibabu ya wanamuziki wenye kipato kidogo. Chama hicho kikaweka siku moja katika mwaka ambayo wanamuziki hupiga bila ya ujira, tangu asubuhi hata usiku, madukani, maofisini na mikahawani. Wafanyao biashara nao huahidi kutoa sehemu ya mauzo yao ya siku hiyo, na kiasi kilichozoeleka ni asilimia 5. Fedha zikikusanyika husaidia kuwapatia wanamuziki bima na kuilipia, na kuwatibu meno, macho, masikio, na hata maradhi ya moyo uliosongeka kwa dhiki na huzuni.

Kabla ya hapo, katika mji wa New Orleans, ilifunguliwa zahanati ya wanamuziki mwaka 1998. Na kabla ya hiyo, mwimbaji Victoria Williams alipatwa na maradhi ya mishipa ya fahamu naye hana bima. Wenzake, miongoni mwao Lou Reed na kundi la Pearl Jam, wakaziimba nyimbo zake katika santuri iliyotoka mwaka 1993 ili apate fedha za kujitibu. Yeye naye hakutosheka kwa kusaidiwa peke yake. Msaada ule ukawa ndio chanzo cha mfuko wa kuwasaidia wanamuziki wengine waliougua.

Sasa turudi kwenye swali. Khitilafu ya wanavyuoni juu ya ala za muziki ni maarufu. Wengi katika wafuasi wa madhehebu manne wamezikataza ala nyingi. Ibn Hazm aliona kuwa zafaa. Na Imamu Ghazali katika Ihyaa amelipambanua jambo hili kwa masharti yake. Safu hii haina cheo cha kuikata khitilafu hiyo. Lakini kuna jambo moja ambalo halina khitilafu, nalo ni kwamba mgonjwa ana haki ya kutazamwa na mhitaji ana haki ya kusaidiwa. Basi tusiyachanganye mambo mawili. Kununua tiketi ni kununua burudani. Kumpa mgonjwa ni sadaka. Anayeona kuwa tamasha halimfai, asiende. Na mlango wa sadaka haukufungwa kwa kutokwenda kwake. Nachukue bei ya ile tiketi akamkabidhi mgonjwa mkononi, au ailipe hospitali. Na huyu aliyekataa tamasha kwa ajili ya dini, kisha akazuia na mkono wake pia, huyo ameitumia dini kuwa kufuli ya mkoba wake.

Na wanaosema kuwa mtu wa kazi ile hastahiki kusaidiwa, nawakumbuke kisa cha Mistah. Alikuwa maskini, jamaa yake Sayyidna Abubakar, na Abubakar ndiye aliyekuwa akimlisha. Mistah akaingia pamoja na wale waliomzulia uongo Bibi Aisha, binti yake Abubakar mwenyewe. Ni kosa gani kubwa zaidi ya hilo? Abubakar akaapa kuwa hatampa kitu tena. Ikateremka aya ya 22 ya Suratin Nur, ikiwataka wenye wasaa wasiape kuwanyima jamaa na maskini, bali wasamehe kama wanavyopenda wao kusamehewa na Mola wao. Abubakar akaurejesha mkono wake kama ulivyokuwa. Ikiwa aliyemsingizia mama wa Waumini hakukatiwa chakula chake, vipi mpiga udi akatiwe dawa?

Na wanaouliza juu ya zaka, jibu ni kuwa aya ya 60 ya Suratit Tawba imetaja mafungu manane, na ndani yake mna mafakiri, maskini na wenye madeni. Mwislamu aliyeelemewa na deni la matibabu ameingia, wala haulizwi kwanza kazi yake ilikuwa ni ipi, kwani deni la hospitali si deni la maasi. Ama sadaka ya khiari, hiyo mlango wake ni mpana zaidi, na hata asiyekuwa Mwislamu hupewa.

Lakini liko funzo jingine katika khabari za Austin, nalo ndilo lililotupita sisi. Watu wale hawangoji mwenzao aanguke ndipo wapitishe kikapu. Hukusanya wakiwa wazima, na wanaopiga siku ile ndio hao hao watakaotibiwa. Jambo hili si geni katika dini yetu. Abu Musa Al-Ash'ari, ambaye Mtume s.a.w. aliisifu sauti yake ya kusoma Qurani kwa kuifananisha na zumari za jamaa ya Nabii Daud, ndiye aliyetupokelea hadithi ya watu wa kabila lake. Chakula kilipowapungukia safarini au mjini, walikuwa wakikusanya chote walichonacho katika nguo moja, kisha wakagawana sawasawa. Mtume akawasifu kuwa wao ni watu wake, naye ni wao. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Basi jamaa za yule mwenye sauti nzuri waliijua njia hii kabla ya Texas kuwa na jina.

Nasi je, twafanyaje mitaani mwetu? Mtu huugua, tukanyamaza. Huzidiwa, tukanyamaza. Akifikia kulazwa na kuandikiwa kupasuliwa, hapo ndipo simu huanza kupelekeana picha yake akiwa kitandani, mdomo wazi na mbavu nje, ili watu wamhurumie. Akiwa ni maarufu, fedha humiminika. Akiwa ni mnyonge asiyejulikana, hupata dua peke yake. Na mpiga kanuni wa taarabu, msoma kasida wa maulidi, na mwalimu wa chuo, wote hawa hali yao ni moja na yule mpiga gitaa wa Austin: hawana mwajiri, riziki yao ni ya shughuli moja baada ya nyingine au ya ada ndogo za watoto, na twawapenda sauti zao zikiwa nzima.

Serikali zetu zimepiga hatua. Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, na Kenya mwaka 2024 ilianzisha mfuko mpya wa bima ya afya ya jamii badala ya ule wa NHIF. Lakini bima hutaka mchango, na asiye na mshahara huona uzito kuutoa. Hapa ndipo mahali petu. Nyumba kumi zikishirikiana, kila moja ikaweka kidogo kila mwezi, zaweza kumlipia mwaka mzima mwalimu wa watoto wao au mzee wa mtaa asiyejiweza. Na mwenye shaka juu ya bima za biashara, naafahamu kuwa kusaidiana namna hii kwa kutoa bila ya kutaka faida ndio msingi wa takafuli, nao ndio mwendo ule ule wa Al-Ash'ari.

Mambo matatu yataka yachungwe. La kwanza, daftari: kila shilingi iliyoingia na iliyotoka iandikwe, na isomwe mbele ya watu, kwani amana ikiingia shaka mchango wa kesho hufa. La pili, sitara: mgonjwa asianikwe, wala picha yake isisambazwe bila ya idhini yake. La tatu, uadilifu: mpole asiyejua kuomba apewe kama apewavyo mwenye jina.

Kina baba na kina mama, zungumzeni jambo hili na watoto wenu usiku wa leo. Waulizeni: nani katika mtaa huu ambaye sauti yake twaifurahia, na akiugua kesho hana wa kumtibu? Jina litakalotajwa, anzeni nalo kabla hajaugua.

Wabillahi tawfiq.