Matumbawe ya Watamu na majivu ya mabomu

Kilifi, pwani ya Kenya, haijawahi kulipuliwa bomu la nyuklia, lakini alama ya mabomu hayo imo chini ya maji ya hifadhi ya bahari ya Watamu. Wanasayansi waliotoboa matumbawe ya hifadhi hiyo na kuyasoma tabaka kwa tabaka, kama pete za mti, walikuta kaboni-14 ikipanda baada ya majaribio ya mabomu ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Ilifikaje?

Mlipuko huchambua uchafu wake wenyewe. Moto unapoanza kupoa, elementi zinazostahimili joto kali, kama zirkoniamu na plutoniamu, huganda mapema kwenye punje kubwa za udongo ulionyanyuliwa, zikaanguka karibu. Nyingine huzaliwa zikiwa gesi. Zenoni-137 huchukua dakika kadhaa kugeuka sesiamu-137, na wakati huo punje nzito zimeshaanza kushuka. Sesiamu hunasa kwenye vumbi jepesi na kusafiri na upepo mpaka mabara mengine. Tarehe 1 Machi 1954, bomu la megatoni 15 lilisaga matumbawe ya kisiwa cha Bikini katika Pasifiki, na unga mweupe ukawamwagikia watu wa kisiwa cha Rongelap. Vumbi laini lilizunguka dunia.

Kaboni-14 haihitaji hata vumbi. Nyutroni za bomu hugonga nitrojeni ya hewani na kuigeuza kaboni-14, kaboni hiyo ikawa gesi ya ukaa, ikayeyuka baharini, na matumbawe yakajijengea nayo.

Tangu Uyombo, kijiji cha Kilifi, kitajwe kuwa eneo la kinu cha nyuklia, wapo wanaotuliza watu kwa kutaja umbali na wapo wanaowatisha kwa kutaja Hiroshima. Wote wanakosea. Kinu hakilipuki kama bomu, ila ajali yake nayo huchambua: Chernobyl mwaka 1986, iodini na sesiamu zilifika Sweden, huku plutoniamu na sehemu kubwa ya strontiamu zikibaki jirani na kinu. Basi kilomita peke yake hazisemi kitu bila kujua ni elementi gani, mvua gani, upepo gani. Kusi ingeweza kusukuma moshi wa Uyombo kuelekea Watamu na Malindi. Kaskazi ingeupeleka Kilifi mjini na Takaungu.

Hata kama mazungumzo ya kinu yamehamia Siaya, magharibi mwa Kenya, serikali na kaunti zipime sasa udongo, maziwa, samaki na tope la mikoko ya Mida, kisha zitangaze matokeo kwa Kiswahili na Kigiriama. Kipimo cha kabla hakipatikani baadaye.