Ratiba za masomo zisiongeze mzigo wa nauli

Lugha huhifadhi mambo ambayo mifuko yetu imekwisha kuyasahau. Jina matatu, kama wengi wajuavyo, latokana na mapeni matatu, yaani senti 30, ambazo abiria wa Nairobi alitozwa magari hayo yalipoanza kushindana na mabasi, kabla ya Rais Jomo Kenyatta kuyaruhusu mwaka 1973 yabebe abiria bila leseni maalumu. Jirani zetu wa Tanzania nao waliyaita magari yao daladala, jina ambalo huhusishwa na sarafu ya shilingi tano iliyopewa lakabu ya dala. Hivyo basi, vyombo viwili mashuhuri vya usafiri katika Afrika Mashariki vilipewa majina ya nauli. Majina yamedumu, lakini nauli zenyewe hazipo tena.

Nayakumbusha haya kwa kuwa siku hizi nauli ndiyo inayoamua ni nani atakayekuwa darasani. Mimi hufundisha isimu katika chuo kikuu. Kila muhula ukumbi hujaa katika wiki ya kwanza, na kadiri wiki zinavyosonga viti vya mhadhara wa saa mbili asubuhi huzidi kubaki vitupu. Wapo wanaosema kuwa vijana wa leo ni wavivu. Nilipowauliza wanafunzi wenyewe, jibu lililojirudia lilikuwa moja: pesa za kuja chuoni siku zote tano hazipatikani.

Wahenga walinena kuwa bandu bandu huisha gogo. Karo hudaiwa kwa kishindo, na mzazi huuza ng'ombe au hukopa katika chama ili ailipe. Nauli haina kishindo. Hutoka shilingi 60 asubuhi na 80 jioni, na hakuna anayeitisha kikao cha ukoo kwa sababu ya shilingi 80. Mwisho wa mwezi gogo limekwisha na haijulikani lilikatwa lini.

Yafaa tuelewe kwanza jinsi nauli inavyopangwa. Dereva na utingo wa matatu kwa kawaida hutakiwa kumpelekea mwenye gari kiasi fulani cha fedha kila jioni, pamoja na kununua mafuta. Asubuhi gari huingia mjini likiwa limejaa na aghalabu hurudi mtaani likiwa na watu wachache. Gharama za safari hiyo ya kurudi hulipwa na wale walioingia mjini asubuhi. Ndiyo maana nauli ya saa moja asubuhi haifanani na ya saa nne, na mvua ikinyesha jioni hupanda mara mbili. Aidha, nauli hupanda upesi kuliko inavyoshuka. Mnamo Septemba 2023 bei ya petroli jijini Nairobi ilipita shilingi 200 kwa lita kwa mara ya kwanza, na nauli zikapanda. Bei hiyo iliposhuka chini ya 200 mwaka 2024, nauli katika njia ninazozitumia haikurudi ilikotoka.

Je, mtu binafsi afanye nini? La kwanza ni kuandika. Mwanafunzi au mwalimu na achukue daftari, aandike nauli ya kila siku kwa mwezi mmoja pamoja na saa aliyosafiri. Atakapojumlisha ataona ni saa zipi na siku zipi zinazomtafuna.

La pili ni kuhesabu kodi ya nyumba pamoja na nauli, kwani hayo ni mambo mamoja. Tuchukue mfano wa mwalimu anayechagua kati ya chumba cha shilingi 9,000 karibu na shule na kingine cha shilingi 6,500 huko mbali, ambako nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 120. Hicho cha mbali chaonekana kuokoa shilingi 2,500. Lakini kwa siku 22 za kazi nauli itakuwa shilingi 2,640, na iwapo kila siku atapoteza saa mbili njiani, atakuwa amepoteza saa 44 kwa mwezi ambazo angesahihisha madaftari au kulea wanawe. Nyumba ya bei rahisi yaweza kuwa ghali.

La tatu ni kushirikiana. Walimu wanne wanaotoka mtaa mmoja waweza kutumia gari la mmoja wao na kuchangia petroli. Wafanyao hivyo waiulize kampuni ya bima kwanza, kwa kuwa bima ya gari la binafsi si ya kubebea abiria kwa malipo.

La nne ni kutembea. Wakenya hufanya mzaha kuwa wamepanda namba 11, wakimaanisha miguu yao miwili. Mzaha huo una ukweli mzito: tafiti za usafiri jijini Nairobi zimekuwa zikionyesha kuwa takriban safari nne katika kila kumi hufanywa kwa miguu. Kushuka vituo viwili kabla ya mjini kwaweza kupunguza nauli na kumwepusha mtu na msongamano. Lakini tusimhubirie maskini kutembea kana kwamba hajui kutembea. Takwimu za NTSA kila mwaka huonyesha waendao kwa miguu kuwa kundi kubwa zaidi la wanaofariki barabarani. Tuliwajengea wenye magari barabara ya juu ya kilomita 27 iliyofunguliwa Nairobi mwaka 2022, ilhali mitaani mtembea kwa miguu bado hugawana ukingo wa barabara na bodaboda, mitaro na wachuuzi. Wa kike anayetoka darasani magharibi hawezi kuambiwa atembee ili aokoe shilingi 30.

Hapa ndipo ninapotofautiana na washauri wengi wa matumizi ya pesa. Ushauri wao wote humwelekea anayelipa, na humsahau anayemlazimisha kusafiri. Nani aliyeamua kuwa mwanafunzi asafiri siku tano, na asafiri saa ambazo nauli iko juu kabisa? Si utingo. Ni sisi walimu, kwa ratiba zetu.

Zamani ratiba haikuwa na uhusiano na nauli. Mwanafunzi wa chuo kikuu alilala bwenini, akala kwa gharama ya serikali, na hata akapewa posho iliyoitwa boom. Mpango wa kugawana gharama ulipoanza mwaka 1991, hali ilianza kubadilika. Idadi ya wanafunzi ikaongezeka kupita uwezo wa mabweni, na leo wengi wamepanga vyumba mitaani au hutoka nyumbani kwao. Ratiba, hata hivyo, zingali zinapangwa kana kwamba kila mwanafunzi yuko hatua mia moja kutoka ukumbini. Jumatatu ana mhadhara mmoja saa mbili asubuhi na mwingine saa kumi alasiri. Jumatano ana wa saa moja tu. Ijumaa aitwa tena kwa semina ya saa moja.

Tuhesabu. Mwanafunzi anayetumia shilingi 140 kwa siku hulipa shilingi 700 kwa siku tano. Masomo hayo hayo yakipangwa katika siku tatu, atalipa shilingi 420. Ataokoa shilingi 280 kila wiki, na kwa muhula wa wiki 14 ataokoa shilingi 3,920. Kwa anayesubiri mkopo wa HELB, hizo ni pesa za chakula, na hakuna bajeti ya serikali inayohitajika ili azipate.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Itasemwa kuwa kumbi hazitoshi. Ni kweli hazitoshi, lakini pendekezo hili haliongezi hata saa moja ya matumizi ya ukumbi. Idadi ya saa ni ile ile. Kinachobadilika ni kundi lipi litatumia ukumbi upi siku ipi. Mwaka wa kwanza na waje Jumatatu hadi Jumatano, mwaka wa tatu waje Jumatano hadi Ijumaa, na kumbi zitatumika kama kawaida. Itasemwa pia kuwa mihadhara mfululizo huchosha. Nakubali, kwa kuwa saa tatu za fonolojia bila pumziko humchosha hata anayezifundisha. Dawa yake ni kuweka mapumziko ya kutosha katikati, na zoezi badala ya maelezo matupu. Mwanafunzi aliyechoka akiwa darasani bado ana nafuu kuliko yule aliyebaki chumbani kwa kukosa nauli.

Shule za kutwa nazo zijichunguze. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinaagiza kuwa wanafunzi wa shule hizo wafike saa moja na robo asubuhi, masomo yawe kati ya saa mbili na saa tisa na nusu, na shughuli za nje ya darasa ziishe saa kumi na moja kasorobo. Shule inayomtaka mtoto afike saa kumi na mbili alfajiri imevunja kanuni, na vilevile imemlazimisha mzazi kumlipia bodaboda gizani, wakati mtoto huyo angetembea na wenzake kukicha.

Ombi langu kwa wakuu wa idara na walimu wanaopanga ratiba ni dogo. Kabla ya muhula kuanza, waulizeni wanafunzi wanakaa wapi na wanalipa nauli kiasi gani. Kisha kila ratiba iliyokamilika ihesabiwe: inamwita mwanafunzi mara ngapi kwa wiki, na kwa saa ngapi za masomo kila mara? Nanyi wanafunzi, msiishie kunung'unika katika steji. Andikeni hesabu zenu, mzijumlishe kidarasa, na viongozi wenu waziwasilishe kwa mkuu wa idara kabla ratiba ya muhula ujao haijabandikwa ukutani. Bei ya petroli hatuwezi kuipanga sisi. Saa ya mhadhara twaweza.