Ahadi ni Deni, Lakini Anadaiwa Nani?

Anayesafiri kutoka Morogoro kwenda Iringa hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na akishawaacha nyuma twiga na nyati huingia katika mji mdogo uliolelewa na barabara. Mikumi ni mji wa madereva wa malori, wa nyumba za kulala wageni, wa mama lishe na mafundi wa matairi, na ni njia panda ya kwenda Kidatu na Ifakara. Kiutawala mji huu umo katika Wilaya ya Kilosa, ambayo makao yake makuu yako mbali na barabara hiyo, kando ya Reli ya Kati. Naitaja jiografia hii kwa makusudi. Mfanyabiashara wa Mikumi anayetaka kufikisha lalamiko lake katika ofisi za wilaya hana budi kuifunga biashara yake siku nzima.

Mwezi uliopita nilikula chakula cha mchana kwa mama mmoja mwenye mgahawa karibu na maegesho ya malori. Aliposikia kwamba ninafundisha chuo kikuu alinionyesha simu janja ambayo kioo chake kilikuwa na maandishi machache tu: lipa ili uendelee kutumia. Aliichukua kwa mkopo kutoka duka lililokuwa palepale barabarani. Alitoa kianzio cha shilingi 60,000, akakubali kulipa shilingi 1,500 kila siku kwa mwaka mzima, na akaahidiwa kwamba simu ikiharibika ndani ya mwaka huo itatengenezwa au atapewa nyingine. Jumla ya malipo yote ilikuwa shilingi 607,500.

Mwezi wa nane simu ikaacha kupokea chaji. Alipokwenda dukani alikuta kufuli mlangoni, bango limeshushwa, na vijana waliokuwa wakivaa fulana za kampuni hawajulikani walikokwenda. Namba ya huduma kwa wateja haikupokelewa. Alimlipa fundi wa mtaani kwa fedha yake mwenyewe, na kwa wiki nzima simu ikiwa imezimika hakulipa awamu. Ilipowaka ilikuwa imeshajifunga. Tangu hapo anapokea ujumbe wa kudaiwa kutoka kwa kampuni nyingine ambayo jina lake hakuwahi kulisikia. Laini ameihamishia kwenye kitochi, lakini oda alizokuwa akipokea kwa WhatsApp kutoka kwa madereva na waongoza watalii, pamoja na orodha ya wanaodaiwa naye, zimebaki ndani ya simu ambayo ameshailipia shilingi 420,000.

“Mwalimu,” aliniambia, “wanaonidai nawapata kila asubuhi. Walioniahidi siwapati.”

Nilipomsimulia kisa hiki ofisa mmoja wa serikali, rafiki yangu wa siku nyingi, jibu lake lilikuwa fupi: dawa ya deni kulipa. Ni methali ya kweli, nami siipingi. Ila Kiswahili kina methali nyingine yenye uzito uleule, nayo ni ahadi ni deni. Katika kisa hiki kuna madeni mawili. Mama anadaiwa fedha, na yeye anadai simu inayofanya kazi. Swali ninaloliuliza katika makala haya ni kwa nini deni la kwanza lina mtu wa kulifuatilia kila asubuhi, na deni la pili halina mwenyewe.

Haikuwa hivi zamani. Wafanyabiashara wetu, Kilosa na kwingineko, wamekopeshana kwa mali kauli kwa vizazi. Muuzaji wa jumla anampa mwenye duka magunia ya bidhaa, anamwandika kwenye daftari, na anasubiri fedha baada ya mauzo. Mali kauli ina ukatili wake, lakini ina haki moja ya msingi: anayedai ndiye aliyeuza. Unga ukikutwa na wadudu, mdaiwa anarudi na gunia kwa mtu yuleyule anayemdai, na deni na lawama vinajadiliwa katika kikao kimoja.

Simu ya mkopo imeivunja haki hiyo. Mteja anaona fulana moja, kumbe nyuma yake mnaweza kuwa na pande tatu: muuzaji anayekabidhi simu na kutoa ahadi, mkopeshaji anayemlipa muuzaji papo hapo na kubaki na haki ya kukusanya awamu, na mwenye programu inayoifunga simu kutoka mbali. Siku muuzaji anapoanguka, wale wengine wawili wanaendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Wao hawakuahidi kutengeneza chochote.

Ufilisi wenyewe unauzidisha ukosefu huu wa usawa. Mfilisi anapokabidhiwa vitabu vya kampuni, awamu ambazo wateja hawajamaliza kulipa huziandika upande wa mali, na waranti walizoahidiwa wateja haohao huziandika upande wa mizigo. Mali huuzwa kwa mnunuzi mpya. Mizigo hupangwa kwenye foleni ya wadai, na mama lishe wa Mikumi husimama mwisho kabisa, nyuma ya mabenki yenye dhamana. Hivyo yeye yumo mara mbili katika kitabu kimoja: kama mdaiwa anatafutwa, kama mdai anasahaulika.

Tanzania tumewahi kulikaribia jambo hili kwa kiwango kikubwa, ingawa halikuhusu simu. Mobisol, kampuni yenye makao Berlin, iliuza mitambo ya umeme wa jua hapa kwetu, Rwanda na Kenya. Mteja alitoa kianzio, kisha akalipa awamu kwa pesa za simu kwa muda wa hadi miaka mitatu. Akichelewa, mtambo ulizimwa kutoka mbali. Kwa wengi mtambo huo haukuwa taa ya sebuleni tu, ulikuwa ofisi: kinyozi aliutegemea, mwenye kibanda cha kuchaji simu aliutegemea. Aprili 2019 kampuni hiyo iliwasilisha maombi ya ufilisi nchini Ujerumani. Baadaye mwaka huohuo ilinunuliwa na Engie ya Ufaransa. Wateja walipona kwa sababu alipatikana mnunuzi aliyetaka kuiendeleza biashara. Tujiulize ingekuwaje kama mnunuzi angetaka kukusanya awamu peke yake, na kesi yenyewe ikawa mbele ya mahakama ya Ujerumani.

Yaliyotokea Marekani yanatupa sehemu ya jibu. Kampuni ya NorVergence ya New Jersey iliwauzia wafanyabiashara wadogo huduma za simu na intaneti kwa ahadi ya kupunguza gharama, na ikawakodisha kisanduku ilichokiita Matrix kwa mikataba ya miaka kadhaa. Mikataba hiyo iliuzwa mara moja kwa makampuni ya fedha. Mwaka 2004 NorVergence ilifilisika na huduma ikakatika, lakini ankara za makampuni ya fedha ziliendelea kufika, kwa sababu mkataba ulikuwa na kifungu kilichosema mteja atalipa hata iweje. Serikali ya Marekani ilikuwa na kanuni tangu miaka ya 1970 inayomruhusu mnunuzi wa kawaida kumkabili mwenye deni kwa hoja zilezile ambazo angemkabili nazo muuzaji. Kanuni hiyo haikuwahusu wenye biashara. Ilibidi tume ya biashara ya nchi hiyo na wanasheria wakuu wa majimbo waingilie kati, na mwaka 2005 mahakama ilitoa hukumu ya takriban dola milioni 181 dhidi ya NorVergence. Makampuni kadhaa ya fedha yalilazimika kusamehe sehemu kubwa ya madai yao.

Funzo ninalolichukua ni lile pengo. Sheria ilimgawa binadamu mmoja kuwa mlaji na mfanyabiashara, ikamlinda wa kwanza na kumwacha wa pili. Mama wa Mikumi hawezi kugawanyika hivyo. Simu anayopokelea oda za pilau ndiyo anayompigia mwanawe aliye bwenini.

Je, sisi tuna sheria? Tunazo nyingi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inamtaka muuzaji akabidhi kitu chenye ubora unaostahili. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ilizaa Tume ya Ushindani, ambayo moja ya kazi zake ni kumlinda mlaji. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwaweka wakopeshaji wadogo chini ya usimamizi wa Benki Kuu, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni. Hatua hiyo ilionyesha kwamba msimamizi akitaka kuona, anaona.

Tatizo ni kwamba kila sheria ina mlango wake. Mama akibeba simu iliyojifunga, ataulizwa: lalamiko lako ni la bidhaa, la mkopo au la mawasiliano? Kama ni bidhaa, nenda Tume ya Ushindani. Kama ni mkopo, nenda Benki Kuu. Kama ni mawasiliano, nenda TCRA. Jibu la kweli ni kwamba ni yote matatu, na hakuna mlango ulioandikwa hivyo, sembuse ulio Mikumi.

Tuna pia sheria ya ununuzi kwa awamu iliyotungwa mwaka 1966. Sheria za aina hii popote duniani ziliandikwa kwa ajili ya cherehani, redio na baiskeli, na hofu yake kubwa ilikuwa muuzaji anayekuja mlangoni kunyang’anya kitu ambacho mteja amekaribia kumaliza kukilipia. Leo hakuna anayekuja mlangoni. Simu inabaki mkononi mwa mwenyewe, na uwezo wa kuitumia ndio unaochukuliwa, usiku, bila shahidi wala barua. Kwa maoni yangu kuifunga simu ya mtu ni kumnyang’anya, na sheria inapaswa kulitamka hilo waziwazi.

Wakopeshaji wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Wanasema mama lishe hana hati ya nyumba wala mshahara, kwa hiyo kufuli la simu ndilo dhamana pekee. Ukiliondoa, hakuna atakayemkopesha. Wanaongeza kwamba wakibebeshwa makosa ya muuzaji, riba itapanda. Hoja ya kwanza naikubali, ndiyo maana sisemi kufuli lipigwe marufuku. Hoja ya pili inageuka dhidi yao wenyewe. Mkopeshaji ndiye anayechagua wauzaji wa kufanya nao kazi, ndiye mwenye wahasibu wa kusoma vitabu vyao, na ndiye anayeweza kujua mapema kwamba duka linayumba. Mama lishe hana hata kimoja kati ya hivyo. Hatari ikabebwe na mwenye macho ya kuiona. Uingereza ilikwishaliamua hili katika Sheria ya Mikopo ya Walaji ya mwaka 1974, ambayo kifungu chake cha 75 kinamfanya mkopeshaji awajibike pamoja na muuzaji kwa bidhaa za kati ya pauni 100 na 30,000, na biashara ya mikopo nchini humo haikufa.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, Benki Kuu na Tume ya Ushindani zitoe kanuni ya pamoja yenye sentensi moja ya msingi: anayekusanya deni la bidhaa anaibeba na ahadi iliyouzwa pamoja nayo. Kanuni hiyo imhusu pia mfanyabiashara mdogo, bila kumuuliza kama alinunua kwa ajili ya nyumbani au ya biashara. Pili, kifaa kisifungwe wakati lalamiko la mteja linashughulikiwa, na uwezo wa kukifungua uwekwe pia kwa taasisi huru, ili kampuni ikifa isiende kaburini na funguo za watu. Tatu, mkataba uwe kwa Kiswahili, uwe mfupi, na ukurasa wa kwanza utaje nani ameuza, nani amekopesha na nani anashika kufuli. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu. Sioni kwa nini jaji asome kwa Kiswahili na mama lishe abonyeze “nakubali” chini ya kurasa za Kiingereza.

Haya yatachukua muda, na muda ndio ambao mwenye mgahawa hana. Kwa hiyo nina maneno kwa makundi mawili ya wasomaji wangu. Ninyi maofisa biashara na maofisa maendeleo ya jamii katika halmashauri, ya Kilosa na nyinginezo, mnaweza kuanza bila kusubiri kanuni yoyote: pokeeni malalamiko haya katika kata, yaandikeni, kisha yapelekeni kwa pamoja katika taasisi husika. Lalamiko moja ni kelele. Malalamiko arobaini yenye saini ni jalada. Nanyi wanafunzi wa sheria, mnaotafuta kila mwaka mada za tasnifu katika mahakama za mbali, mada iko kwenye maegesho ya malori.

Kabla sijaondoka Mikumi nilimuuliza yule mama atafanya nini. Alisema ataendelea kulipa hadi amalize, kwa sababu anaogopa jina lake kupelekwa kwenye kumbukumbu za wakopaji wabaya, akaja kunyimwa mkopo mwingine siku atakapotaka kupanua mgahawa. Amebakiza zaidi ya miezi mitatu. Rafiki yangu ofisa atafurahi kusikia kwamba dawa ya deni inanywewa. Mimi nasubiri kusikia nani atamlipa mama yule deni lake.