Gari la Mseto kwa Mzigo wa Kutus: Faida Zake na Gharama Zake



Ndugu wasomaji, juma hili tumeona tulizungumze jambo linaloulizwa katika nyumba nyingi zinazofanya biashara baina ya bara na pwani. Je, yafaa familia itoe akiba yake, au akina mama watoe fedha zao za upatu, wanunue gari la mzigo la haibridi, yaani gari la mseto linalotumia petroli na umeme kwa pamoja? Wapo wanaolisifu kupita kiasi, na wapo wanaolikimbia bila kulijua. Sisi tutajaribu kuliweka kwenye mizani.

Tumeichagua Kutus iwe mfano wetu kwa sababu riziki ya wengi wetu hupitia huko. Mji huo wa Kaunti ya Kirinyaga ni jirani wa mashamba ya mpunga ya Mwea, ambayo kilimo chake cha kumwagilia maji kilianza katika miaka ya 1950, na ambayo tangu Oktoba 2022 yamepata msaada wa bwawa la Thiba. Pishori inayopikiwa biriani katika harusi zetu hutoka huko. Kutoka Kutus hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 100, na kutoka Nairobi hadi Mombasa ni takriban kilomita 480. Kila lita ya mafuta inayochomwa njiani huingia katika bei ya mchele kabla haujafika chunguni.

Kwanza tuelewe chombo chenyewe. Gari la mseto lina injini ya petroli, mota ya umeme na betri kubwa. Dereva anapofunga breki au anapoteremka mlima, mota hugeuka kuwa jenereta. Nguvu ambayo katika gari la kawaida hupotea kama joto la breki huhifadhiwa betrini. Gari likianza kuondoka au likienda polepole, umeme huo hutumika, na injini huweza kuzimika kabisa. Gari la aina hii halihitaji kuchomekwa kwenye umeme wa nyumbani, isipokuwa yale machache yaliyoundwa maalumu kwa hilo. Teknolojia yenyewe si ngeni: Toyota ilianza kuuza Prius nchini Japani mwezi Desemba 1997.

Katika magari ya mzigo kuna daraja mbalimbali, na jina moja lisitudanganye. Pikapu ya Toyota Hilux ya volti 48 ina msaada mdogo tu wa umeme juu ya injini ya dizeli ya lita 2.8, na mtengenezaji mwenyewe hutaja upungufu wa mafuta wa hadi asilimia 5. Marekani zipo pikapu za mseto kamili, kama Ford Maverick na F-150, lakini usukani wake uko kushoto, na sheria ya Kenya hairuhusu raia wa kawaida kujiletea gari la namna hiyo. Kwa hiyo gari lililo karibu zaidi na mfuko wa familia ya kawaida ni Probox ya haibridi, iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa mwaka 2018. Hakuna aliyefika miji ya Mlima Kenya asiyeijua Probox. Ndiyo punda wa barabara zile.

Faida yake ni ipi? Ya kwanza ni mafuta. Wasomaji wetu hawajasahau Septemba 2023, petroli ilipovuka shilingi 200 kwa lita jijini Nairobi. Bei hutangazwa upya kila mwezi na mamlaka ya nishati, EPRA, na kwa kawaida aliye Kutus hulipa zaidi kuliko aliye Mombasa, kwa kuwa mafuta hushukia bandarini kwetu ndipo yapande bara. Ya pili ni breki, ambazo huchakaa polepole kwa kuwa mota hubeba sehemu ya kazi yake. Ya tatu ni moshi na kelele kupungua sokoni, pale gari linaposimama na kusogea huku mizigo ikipakiwa.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme gari la kawaida huenda kilomita 14 kwa lita, na la mseto huenda kilomita 20. Mwenye kusafiri kilomita 2,100 kwa mwezi atatumia lita 150 katika la kwanza na lita 105 katika la pili. Ameokoa lita 45. Kwa bei ya shilingi 180, hizo ni shilingi 8,100 kwa mwezi, au shilingi 97,200 kwa mwaka. Ikiwa gari la mseto limemzidi lenzake kwa shilingi 300,000 wakati wa kununua, tofauti hiyo itarudi baada ya miaka mitatu na kidogo. Lakini mwenye kusafiri kilomita 700 tu kwa mwezi ataokoa shilingi 32,400 kwa mwaka, na itamchukua zaidi ya miaka tisa. Gari ni lile lile na bei ni ile ile. Kilichotofautiana ni kazi. Basi swali la kwanza katika kikao cha familia na liwe hili: gari letu litatembea kiasi gani?

Swali la pili ni la njia. Mseto hung'ara penye kusimama na kuondoka, na penye kupanda na kushuka, kama baina ya Kutus, Kerugoya na Karatina. Katika safari ndefu ya mwendo mmoja, kama barabara ya Nairobi kuja Mombasa, breki hazifungwi mara nyingi, na faida hupungua. Na katika mlima mrefu wenye mzigo mzito, betri huishiwa mapema, injini ikabaki peke yake kubeba mzigo wote na betri juu yake.

Hapo ndipo tunapofika kwenye gharama. Kubwa kuliko zote ni betri. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Ni sheria njema, lakini mnunuzi aelewe maana yake: gari la miaka sita au saba linapofika bandarini, betri yake nayo imekwisha kutumika miaka hiyo yote, na dhamana ya kiwandani mara nyingi haimfuati mnunuzi huku. Tuseme betri nyingine itagharimu shilingi 150,000. Hiyo ni akiba ya mafuta ya zaidi ya mwaka mmoja na nusu katika hesabu yetu ya juu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mwili wa gari waweza kung'aa na betri ikawa hoi.

La pili ni mzigo wenyewe. Betri hupozwa kwa hewa, na katika magari mengi ya mseto tundu la kuvutia hewa hiyo liko karibu na kiti cha nyuma. Mwenye kurundika magunia juu ya tundu hilo, au kuliacha lijae vumbi la barabara za Mwea, anaipika betri yake kwa mikono yake. Chujio lake lisafishwe kila mara. Na Probox imewekewa kikomo cha takriban kilo 400, yaani magunia manane ya kilo 50. Kuzidisha ni kuhatarisha gari, na zaidi ya gari, roho za watu.

La tatu ni fundi. Nyaya za rangi ya chungwa katika gari hili hubeba umeme wa zaidi ya volti 100, unaoweza kuua. Si kila gereji ya mji mdogo ina kifaa cha kupimia betri wala ujuzi wa kuzima umeme huo kabla ya kazi. Kabla ya kununua, familia iulize: fundi wetu yuko Kutus, au itabidi gari livutwe hadi Nairobi? Siku za gari kukaa gereji ni siku za nyanya kuoza.

Na kwa akina mama tuna nasaha moja ya pekee. Gari hili laweza kuwa limewashwa na lisitoe sauti yoyote, kisha likaondoka kimya. Watoto wanaocheza uani hawatalisikia. Lizimwe kabisa kila linapoegeshwa, na ufunguo usiachwe mikononi mwa mtoto.

Kwa mwenye kuamua kununua, asilipe kabla betri haijapimwa kwa kompyuta na fundi aliyemchagua mwenyewe, si aliyeletwa na muuzaji. Aombe matokeo kwa maandishi. Naye muuzaji Mwislamu akumbuke kwamba kuficha aibu ya bidhaa ni dhulma. Betri iliyochoka ni aibu ya kutajwa hata kama taa ya onyo haijawaka. Asiyekuwa na fedha taslimu, benki za Kiislamu nchini hufanya murabaha, ambapo benki hulinunua gari kwanza kisha humuuzia mteja kwa bei iliyotajwa wazi. Na akina mama wanaochanga pamoja waandikiane nani ametoa kiasi gani, na betri ikifa nani atalipa. Suratul Baqarah, aya ya 282, imetufunza kuandika madeni, na ushirika usioandikwa umeshavunja udugu wa wengi.

Rai yetu ni hii. Mwenye kuzunguka kila siku katika miji ya mlimani kwa mzigo wa wastani, mwenye fundi karibu, na mwenye kuweka kando kila mwezi sehemu ya akiba ya mafuta kwa ajili ya betri, gari la mseto litamfaa. Mwenye kusafirisha tani nzima kutoka Kutus hadi Mombasa mara moja kwa mwezi, akodi lori, fedha yake ibaki katika mchele. Akiba haiozi.

Wabillahi tawfiq.